Shangazi, Levina Amezaa kwa Sindano ya Mgongo

Shangazi, kamwene.

Sijui kama huko uliko bado mnasalimiana kwa Kihehe, ila mimi siwezi kuanza na wewe kwa neno lingine. Hapa Mbeya baridi imeingia. Asubuhi mlima Loleza hauonekani kwa ukungu, na sisi wanafunzi wa ukunga tunagombania zamu ya kuchemsha vyombo, kwa sababu chumba hicho peke yake ndicho chenye joto. Nimekaa humo sasa hivi, mchana, zamu yangu imekwisha, daftari liko juu ya magoti.

Nina habari yako. Levina amezaa.

Binti yako amezaa, Shangazi, na mimi Yustina ndiye niliyempokea mtoto. Ni wa kike. Nimeanza na hilo ili usihangaike nikiwa nasimulia mengine, maana wewe hukuweza kusikiliza habari ya uzazi mpaka uambiwe kwanza mwisho wake. "Wako wangapi hai?" ndivyo ulivyokuwa ukiuliza mtu akiingia tu mlangoni. Wawili, Shangazi. Wote wawili hai.

Najua hukujua hata kama ana mimba. Siku tulipokuzika Igowole, mvua ikinyesha mpaka wanaume wakawa wanachota maji kaburini kwa ndoo, Levina alikuwa na mimba ya miezi mitano. Watu walinong'ona pale msibani kwamba amekataa kuja kumzika mama yake kwa sababu ya ule ugomvi wenu. Mimi nilinyamaza kwa kuwa nilikuwa nimeapishwa ninyamaze. Si kweli kwamba alikataa. Tangu aolewe na Idi, mtoto wa muuza vitambaa wa hapa mjini, na wewe ukasema mbele ya watu kwamba hutaingia nyumba ya Mwislamu kumsalimu binti yako, alikuwa anatafuta maneno ya kukuandikia. Alianza barua mara tatu. Nilimwona. Alitaka akwambie habari ya mimba kwa mkono wake mwenyewe, si kwa mdomo wa mtu wa basi. Na uliposhikwa na ile homa ya mapafu, daktari alikuwa amemkataza kupanda lori wala basi. Moyo wake, Shangazi.

Unakumbuka ule mwaka alipovimba magoti, kisha viwiko, homa haishuki, ukamfunga majani ya moto na kumlaza kwenye ngozi karibu na jiko? Magoti yalipona. Lakini daktari anasema ugonjwa ule ulipopita uligusa moyo. Kuna kama mlango ndani ya moyo wake, umekakamaa, haufunguki sawasawa. Msichana akitembea tambarare hana shida. Akipanda kilima, au akibeba mimba, damu inagoma kupita. Ndiyo maana alikuwa akikaa chini njiani tulipokuwa tunatoka kuchuma chai, na wewe ukimwita mvivu. Hata mimi nilimwita mvivu.

Sasa nikueleze juu ya sindano, maana hiyo ndiyo inayofanya barua iwe ndefu.

Mwaka jana alikuja hapa hospitalini daktari mgeni, Mzungu mrefu mwenye mabega yaliyoinama, ambaye Kiswahili chake kilipoanza kilikuwa neno moja tu: polepole. Akina mama wakambatiza Bwana Polepole, naye akalipenda jina. Alikuja na ujuzi ambao hata Sista anayetufundisha alikuwa ameusoma tu, hajauona kwa macho. Mama akiwa katika uchungu, daktari anamlaza ubavu na kumkunja, magoti karibu yaguse kidevu. Anamchoma kwanza sindano ndogo ya ganzi kwenye ngozi. Halafu anachukua sindano ndefu na kuiingiza kiunoni, katikati ya mifupa ya uti wa mgongo, huku ameinamisha kichwa kama anasikiliza. Nilimuuliza siku moja, anasikiliza nini. Akaniambia kuna mahali sindano inapita penye ugumu, kisha ugumu unakwisha ghafla, kama mtu anayesukuma mlango kumbe mwenzake wa ndani ameuachia. Hapo ndipo pa kusimama. Ukizidisha kidogo tu, umeharibu. Kisha anapitisha kibomba chembamba kuliko utambi wa taa, sindano anaitoa, dawa inapita humo. Ukiteleka maji ya ugali wakati huo, hayajachemka vizuri uchungu umezimika. Mama yuko macho, anazungumza, lakini kutoka kitovuni kwenda chini hasikii maumivu.

Hawapewi wote. Wanapewa wale ambao uchungu wenyewe unaweza kuwaua: mwenye damu iliyopanda na miguu iliyovimba, mwenye moyo mbovu.

Wa kwanza niliyemshika mimi kwa mikono yangu wakati anachomwa alikuwa Tusekile, Mnyakyusa wa upande wa Tukuyu, mama wa watoto sita, amevimba mpaka macho. Dawa ilipoingia akanyamaza. Akaninyooshea kidole mguuni pake akauliza, "Mguu huu ni wa nani?" Nikamwambia ni wako, mama. Akacheka, akasema, "Hapana, huu nimeazima." Halafu akaomba uji.

Wote mle chumbani walifurahi. Mimi nikaogopa. Unajua kwa nini? Kwa sababu ya kimya.

Wewe ulinifundisha kuzalisha kwa masikio. Ulikuwa unakaa nje ya chumba cha mzazi, unamenya viazi, unasikiliza. Mama akipiga kelele na kutukana wifi zake unasema, "Bado, huyu bado anaongea na watu." Kisha sauti inashuka, inatoka tumboni, kama mtu anayeinua gogo. Hapo unaacha kiazi nusu, unanawa mikono, unaingia. Hukuwahi kukosea. Sasa huyu Tusekile amelala anakunywa uji, na mtoto anashuka, na sauti haipo. Tutajuaje?

Nilimuuliza Sista. Akasema tutampima kwa vidole na kwa saa. Sawa, tulipima. Lakini Tusekile mwenyewe hakujua lini asukume. Tulikuwa tunamwambia sukuma, anasukuma kwa mashavu, mashavu yanajaa kama ya mpiga baragumu, chini hakuna kitu. Hapo nikaweka kiganja juu ya tumbo lake, bila kufikiri, kama ulivyokuwa unaweka chako. Nikasikia tumbo linakusanyika, linakuwa gumu kama boga. Nikamwambia, "Sasa, mama, sukuma mkono wangu utoke." Likilegea, nikamwambia pumua. Likikaza, sasa tena. Akaelewa. Daktari alikuwa anatazama mkono wangu. Mtoto alipotoka aliniuliza nani kanifundisha, nikamwambia shangazi yangu wa Igowole, hajui kusoma. Akatikisa kichwa, akasema, "Polepole nami nitajifunza." Tangu siku hiyo, kwa wote waliochomwa sindano, mimi ndiye niliyeitwa kuweka mkono.

Nilitaka kukusimulia hilo uso kwa uso, Krismasi, nilipokuja likizo. Nikaona aibu kujisifu. Nikakusimulia habari za chakula cha bweni.

Baada ya Tusekile nikaingiwa na hamu ambayo haijaniacha mpaka leo. Nikawa nawauliza akina mama wakishapumzika: ulisikia nini? Sista alidhani nachunguza kwa ajili ya mtihani. Hapana. Nilitaka kujua tu.

Tusekile aliniambia alisikia mtoto akipita, ila kama mtu anayepita chumba cha pili: unajua yupo, unasikia anagusa ukuta, lakini humwoni. Alifurahi. Hata hivyo akaniomba nisimwambie mtu kwao, maana wifi zake watasema mtoto huyu kapewa bure, na wao wote wamezaa kwa jasho.

Mke wa mwalimu mmoja wa kutoka Iringa, mwanamke msomi, mwenye damu iliyopanda vilevile, yeye sindano aliitaka kabla ya kuambiwa. Alilia siku tano. Si kwa uzazi, bali kichwa. Akiinua kichwa kwenye mto, dunia yote inampasukia katikati ya macho. Akilala chali kinapoa. Daktari alikiri kwamba safari ile sindano ilizidi kidogo, ikatoboa pasipotakiwa. Alikwenda kukaa kitandani kwake akamwomba radhi, nikiwapo. Sijawahi kuona Mzungu akimwomba radhi mtu mweusi, na mama yule hakujua aweke wapi mikono. Aliniambia, "Uchungu haukuondoka, dada. Umehama tumbo umekuja kichwani." Lakini nilipomuuliza kama angechagua tena, alifikiri sana, akasema, "Ningechagua. Ila ningetaka niambiwe kabla."

Na alikuwapo mama mmoja Msafwa, mkulima wa pareto wa huko juu, mwenye tatizo la moyo kidogo. Aliisikiliza habari yote ya sindano, akaitazama, akaigusa, akasema hataki. Alimwambia daktari, "Mtoto wangu amenikaa tumboni miezi tisa. Akitoka nataka kusikia anatokea wapi." Akazaa kwa kelele hospitali nzima ikasikia, akapona. Nilipomuuliza, alinijibu kwa kunipiga kofi jepesi la shavuni. "Zaa utajua."

Kwa hiyo uone, Shangazi, kila mmoja ana lake. Nilipokuwa kwako nilidhani uchungu ni mmoja, unawazungukia wanawake wote kama kibuyu cha ulanzi, kila mtu anakunywa kilekile.

Sasa nije kwa Levina.

Mimba ilipofika miezi minane akaanza kulala ameketi, mito mitatu mgongoni. Midomo ikawa ya buluu akipanda ngazi za nyumba. Idi akamleta. Bwana Polepole akamsikiliza kifua muda mrefu mpaka Levina akaniuliza kwa Kihehe kama mzee amelala. Kisha akatuita sote: Levina, Idi, mimi wa kutafsiri, na mama yake Idi, Bi Zuhura.

Nikujulishe huyu Bi Zuhura, maana ungempenda ingawa ungekataa. Wazee wake walitoka pwani na misafara ya zamani. Ana umri wako. Anavaa kanga safi kila siku hata kwenye matope, na anasema anachofikiri. Daktari alieleza kwamba uchungu wa kawaida unaufanya moyo ukimbie, na moyo wa Levina hauwezi kukimbia. Sindano ingeupumzisha. Lakini sindano nayo inashusha nguvu ya damu mishipani, na nguvu hiyo ikishuka sana ni hatari ileile kwa njia nyingine. Kwa hiyo ataiweka dawa kidogo kidogo, akitazama. Hakuahidi. Alisema wazi, "Sijafanya hivi kwa mtu mwenye moyo kama huu ila mara mbili." Idi akauliza wale wawili wako wapi. Akasema wa kwanza yuko kwake na mtoto. Wa pili alifariki siku ya tatu, na yeye mpaka leo hajui kama ni moyo au ni mkono wake.

Nilitafsiri hayo yote. Nilitamani niruke lile la pili, lakini niliona macho ya Levina yananitazama mdomo, nikashindwa.

Bi Zuhura akasimama. "Uti wa mgongo ndio mtu," alisema. "Mkiuchezea huo mtaniletea mkwe wa kubebwa. Wanawake wamezaa tangu Hawa bila kuchomwa migongo." Idi akainamisha kichwa. Na Levina akanigeukia, akaniuliza kwa Kihehe ili wengine wasielewe:

"Mama angesemaje?"

Shangazi, hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri.

Sikujua. Nilikaa kwako miaka tisa. Nilijua unavyokata kitovu, unavyomkanda mama aliyezaa, unavyomtukana baba anayechungulia. Lakini kama ungekubali sindano kwenye mgongo wa mtoto wako, sikujua. Kulikuwa na siku ulisema hospitali ni mahali pa watu wavivu wa kuzaa. Na kulikuwa na siku ile ya mke wa Kalinga, siku mbili za uchungu bila mtoto kushuka, ulipotoka nje ukanishika bega ukasema, "Ningekuwa na kitu cha kumpa huyu, ningempa hata kama ni sumu ya nusu saa." Kati yenu hao wawili, nimjibie Levina kwa mdomo wa yupi?

Nikamwambia, "Angekubali."

Nilikusingizia. Nilisema kwa sauti ya kujua, bila kupepesa. Levina akamwambia daktari ndiyo.

Uchungu ulimshika siku ya Alhamisi asubuhi, jua limeshapanda. Bi Zuhura alifika kabla ya Idi, ana chupa ya kombe: aya za Kurani zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani na kuoshwa kwa maji. Alisimama mlangoni ameishika kama anayesubiri kufukuzwa. Daktari akauliza ni nini, nikamweleza. Akasema akinywa kidogo hakuna ubaya. Levina akanywa, akafanya na ishara ya msalaba. Bi Zuhura akageuka upande kama hakuona.

Mimi mwenyewe nilimkunja Levina, paji lake kwenye bega langu. Alikuwa ananihesabia pumzi sikioni. Sindano iliingia mara ya kwanza, haikurudiwa. Daktari akaweka dawa kidogo, akangoja. Tukangoja. Kisha Levina akafanya uso wa mshangao, akasema, "Yusta, upande wa kushoto umelala. Wa kulia bado unazaa."

Kweli! Nusu yake ilikuwa na uchungu, nusu haina, kama mstari umechorwa toka kitovuni kwenda chini. Sikujua kama jambo hilo linawezekana. Nilimgusa paja la kushoto kwa pamba baridi: hakuna. La kulia: aliruka. Nisamehe, Shangazi, nilisahau kidogo kuogopa. Nilitaka kuuliza maswali. Yeye mwenyewe alikuwa akijishangaa, akijigusa huku na huku, mpaka uchungu wa kulia ukaja tena akaniuma kidole. Daktari hakushangaa, alisema dawa inafuata njia yake kama maji shambani, wakati mwingine inajaza mfereji mmoja. Tukamgeuza alalie kulia, akaongeza tone. Mfereji wa pili nao ukajaa.

Na hapo nguvu ya damu ikashuka.

Alipiga miayo. Mwayo mmoja, wa pili, wa tatu. Akasema anasikia kichefuchefu, akasema chumba kinakwenda mbali. Midomo ikapoteza rangi. Daktari hakusema polepole. Alisema neno la kwao, Sista akakimbia. Tukamlaza kwa ubavu wa kushoto, tukamwinulia miguu ambayo yeye mwenyewe hakujua imeinuliwa, wakampa hewa ya mtungi na dawa ya mshipani. Nilimshika kifundo cha mkono natafuta mapigo. Nilikuwa nayapata, yanapotea, nayapata. Nikasema moyoni, Shangazi, nimemuua mtoto wako kwa neno moja. Nilikuita. Si Mungu niliyemwita, ni wewe. Nilikukasirikia kwamba umekufa mwaka huu na si mwaka mwingine.

Bi Zuhura alikuwa mlangoni, haruhusiwi kuingia. Aliingia. Akapiga magoti upande wa kichwa cha Levina, akamwambia, "Mwanangu, nitazame. Mama yako hayupo. Nipo mimi. Nitazame mimi." Akarudia, akarudia. Sista hakumtoa.

Mapigo yakarudi. Kwanza kama mtu anayebisha hodi kwa woga, kisha sawasawa. Levina akafumbua macho akasema ana kiu.

Mengine yalikwenda taratibu kiasi kwamba sina cha kusimulia. Alikaa nusu ameketi, akivuta pumzi zake vizuri kuliko nilivyomwona kwa miezi miwili. Niliweka kiganja. Daktari hakutaka asukume sana, kwa hiyo nilimwacha mtoto ashuke mwenyewe, na tumbo likikaza nilimwambia Levina, "Sasa kidogo, kama unayezima taa." Akapuliza. Jua la mchana lilikuwa limeingia dirishani mpaka juu ya shuka. Kichwa kilipotokea daktari akamsaidia kwa vyuma vya kushikia kichwa, kwa upole, na Levina akaniomba nimwinue atazame. Nikamwinua. Alimwona binti yake akitoka, Shangazi. Alimwona kwa macho yake, bila machozi, bila kufumba. Alisema, "Kumbe hivi."

Mara zote nilizokuwa nikichungulia kwako, sikumwona mama hata mmoja aliyetazama. Walikuwa wameondoka, wako kwenye lile gogo lao, wanarudi mtoto akishalia.

Nilimuuliza kesho yake, kama nilivyowauliza wengine: ulisikia nini? Akasema aliona ajabu mbili. Ya kwanza, kwamba alikuwapo. Tangu utotoni alilala chumba cha pili akisikia wanawake wako wakilia, akaamini kwamba siku yake ikifika atapelekwa mahali na pengine hatarudi. Hakupelekwa. Ya pili ilimfanya alie. Alisema kuna kitu anakitafuta mwilini hakioni. Alipowekewa mtoto kifuani alijiuliza, huyu ametoka kwangu kweli? Siku nzima alikuwa anamfunua na kumfunika. Jioni maziwa yalipochoma na tumbo likamkata alipomnyonyesha, akafurahi kwa yale maumivu madogo.

Nikamwambia lile la kwangu. Kwamba nilimdanganya, kwamba sikujua mama yake angesemaje. Akacheka mpaka nikamshika, kwa ajili ya moyo. "Nilijua," akasema. "Mama hajawahi kukubali kitu mara ya kwanza." Akafikiri. "Angekataa. Halafu angekuja kukaa mlangoni amebeba viazi."

Mtoto anaitwa Salma. Jina amelitoa Bi Zuhura. Nakwambia wazi kwamba Levina hakumpa jina lako. Alisema bado linamuuma kuliita kila siku. Moyo wake haujapona. Daktari amemwambia asizae tena, na Idi amekubali mbele yetu sote. Anatembea uani asubuhi, anakaa juani, anamkanda mtoto kwa mafuta kama ulivyokuwa ukifanya wewe.

Juzi nilikuwa nikiandika majibu ya akina mama hawa kwenye daftari, nisiyasahau, Tusekile huku, mke wa mwalimu kule, na nikakuta nimeandika jina lako juu ya ukurasa. Chini yake sikuwa na la kuandika. Nimeuliza wanawake ambao asubuhi sikuwajua na jioni wameondoka. Wewe sikukuuliza. Ulimzaa Levina mmoja tu, na baada yake hukuzaa tena, na ulikuwa ukinyamaza watu wakilitaja, nami nikawa nachukulia kwamba mkunga hazai, anazalisha tu. Ulilia? Ulikaa siku ngapi? Nani alikuwa amekushika? Ulisikia nini, Shangazi? Tulikaa pamoja jikoni miaka tisa, mikono yangu kwenye beseni moja na yako, na mdomo huu unaouliza kila mtu haukufunguka.

Najisikia vibaya. Lakini nina hamu pia. Hamu haijafa kwa sababu wewe umekufa.

Wanasema Bibi Sekisonga, yule mwembamba wa ng'ambo ya mto, ndiye aliyekuzalisha. Bado yupo, masikio mabovu lakini akili timamu. Likizo yangu ni mwezi wa nane, njia zikikauka. Daktari amesema Levina anaweza kusafiri kwa gari dogo, na Idi ameshapata la mjomba wake. Tutakuja wanne, na Bi Zuhura amesema atakuwa wa tano, kwamba hawezi kulea mjukuu ambaye hajamwonyesha kwa bibi mwenzake. Watakwenda kaburini kwanza. Mimi nitavuka mto. Nitakaa na Bibi Sekisonga mpaka anichoke, nimpigie kelele sikioni ikibidi, na atakachoniambia nitakiandika chini ya jina lako kama kilivyo, hata kikiwa si kizuri.

Nakuahidi hilo. Na nakuahidi kwamba sitamjibia tena mwanamke yeyote kwa mdomo wako.

Wananiita, kuna mama ameingia. Anapiga kelele, anamtukana mumewe. Bado anaongea na watu. Ngoja ninawe mikono hata hivyo.

Pumzika, Shangazi. Levina anakusalimu. Alisema nisiandike kwamba analia, kwa hiyo sijaandika.

Mimi mtoto wa kaka yako,
Yustina